Upele Mmoja, Madaktari Mtaa Mzima

Ukitaka kujua nchi hii ina madaktari wangapi, usiende wizarani. Zaa mtoto, halafu atoke vipele.

Wangu katoka vipele shingoni, vyekundu, vidogo kama mbegu za mchicha, na tangu hapo nyumbani hakukaliki. Shangazi kaja na poda, kammwagia mtoto mpaka akapiga chafya. "Unaona? Imeshaanza kufanya kazi." Jirani kaleta mwarobaini wa kuchemsha. Muuzaji wa duka la dawa, ambaye mtoto mwenyewe hata hajamwona, kanipa krimu isiyo na maelezo: "Hii kiboko, hata mimi napaka." Wengine wanasema tatizo ni maziwa ya mama. Mke wangu kakatazwa samaki, mayai, maharage na embe. Kilichobaki ni ugali na mawazo.

Mkuu wao wote ni mama mkwe. Katoka Njombe, ambako baridi ya Juni ina haki ya kuogopwa. Lakini hapa ni Dar es Salaam, tena Februari, feni yenyewe inapuliza moto. Mtoto kavalishwa fulana, sweta, kofia na soksi, kisha kaviringishwa shali. Mimi nina msuli tu na jasho linanitiririka. Nikigusa kifungo cha sweta nasikia: "Baba, kifua hicho!" Mkwe habishiwi. Kifungo kinarudi mahali pake.

Kliniki, nesi hakuandika dawa yoyote. Kamvua mtoto sweta, kafunua mikunjo ya shingo, mkakutwa tope la poda na jasho. "Vipele vya joto. Vitundu vya jasho vimeziba, jasho halina pa kutokea." Mwogesheni maji matupu, mkausheni vizuri, mvisheni nguo moja nyepesi ya pamba. Poda wekeni kando, mtoto huivuta mapafuni. Krimu za kuokoteza nazo nyingine zina steroidi, hufanya ngozi iwe nyembamba. Akaongeza kuwa karibu nusu ya wachanga waliotimiza miezi tumboni hutoka mabaka mekundu siku za mwanzo, na huondoka yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Vidoti vyeupe vya puani navyo huisha bila kuguswa. Yaani dawa ni subira, kitu ambacho mtaani kwetu hakuna duka linalouza.

Cha kumkimbiza hospitali kipo: homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, kukataa kunyonya, malengelenge, usaha, au madoa yasiyofifia ukiyabonyeza. Hapo usimsubiri shangazi wala jirani.

Kwa mengine yote, ndugu zangu, karibuni mmwone mtoto. Naweni mikono, leteni sabuni na unga wa uji wa mzazi. Ushauri uacheni mlangoni pamoja na viatu.