Mwanga Nilioushuhudia kwa Macho Yangu Haya

Mgeni rasmi, waheshimiwa, shikamooni wakubwa, ingawa kwa elimu simwoni mkubwa humu ndani.

Mada ni madini adimu na urefu wa mawimbi ya mwanga. Ni mada nzito, ndiyo maana nikatafutwa. Kwanza nimsahihishe MC: amenitambulisha kama "Bwana". Udaktari wangu uko njiani. Umeanza safari siku nyingi, utafika.

Sasa, erbiamu. Jina lake linatokana na Ytterby, kijiji cha Sweden nilichowahi kukipita kwa ndege, usiku, nikiwa nimelala. Carl Gustaf Mosander aliigundua mwaka 1843, mimi nikiwa bado sijapewa nafasi. Ni adimu mno, waheshimiwa, tumefanana! Nini, kijana? Simu yako inasema katika ganda la dunia erbiamu ni nyingi kuliko fedha? Zima simu.

Mwanga unaposafiri ndani ya mkongo wa baharini hufifia. Kioo huupunguza kwa kiasi kidogo kabisa ukiwa na mawimbi ya nanomita 1550 hivi, na hata hapo, kila kilomita 15 nusu ya nguvu imekwenda. Zamani ilibidi ugeuzwe kuwa umeme, uongezwe nguvu, urudishwe kuwa mwanga. Mwaka 1987 David Payne na wenzake huko Southampton walionyesha dawa yake: tia erbiamu kidogo ndani ya uzi wa kioo. Siku hizi atomi zake hupewa nishati kwa mwanga wa nanomita 980. Ule dhaifu wa 1550 ukipita, nazo zinatoa mwanga wa aina ileile, na safari inaendelea. Wazo hilo nilikuwa nalo tangu darasa la tano. Daftari liliingia mchwa.

Mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, nilikuwepo. Nikachungulia ncha yake, nikauona huo mwanga wa 1550 kwa macho yangu haya. Bluu! Bluu ya kupendeza!

Ndiyo, binti, nakuona. Ati jicho la binadamu linaishia kwenye nanomita 700 na ushee, baada ya hapo ni giza tupu? Jicho la nani? La kwako, labda. Na swali la miwani yangu halihusiani na mada.

Muda wa maswali umekwisha, tena ulikwisha kabla hujanyoosha mkono. Mratibu, ile bahasha ya kaki hapo mezani kwako naiona vizuri kabisa. Naona pia kwamba ni nyembamba.