Mimi Sina Sukari

Mulamwa wangu, yaani shemeji, alisomea ualimu, na tangu afunzwe saikolojia hakuna mtu katika ukoo huu aliyebaki mzima. Anayenyamaza ana msongo wa mawazo. Anayeongea sana anatafuta kuonekana. Nami, kwa kuwa nilimwambia sina ugonjwa wa sukari, eti naishi katika hali ya kukana. Anasema Sigmund Freud wa Vienna alilichunguza jambo hilo, kisha binti yake Anna akalifafanua kwenye kitabu cha mwaka 1936: akili ikihisi ukweli utaiumiza, inaufungia mlango. Sawa. Lakini huyo Freud hakuwahi kufika Kanduyi akaonja chai yetu.

Chokochoko ilianzia kwa muuguzi mmoja. Alinidunga kidole asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, akakamua tone la damu kwenye kijikaratasi na kukichomeka kwenye kimashine kidogo kama simu ya mulika mwizi. Kikasoma 11.6. Akasema kwa mtu aliyelala bila kula, kuanzia 7 kwenda juu ni sukari. Nikamuuliza betri ilibadilishwa lini. Swali la haki kabisa. Akaandika kitu kwenye kadi yangu, na kwa jinsi alivyobonyeza ile kalamu, hakikuwa kuhusu betri. Isitoshe, sisi wa huku tumekuwa tukisikia harufu ya kiwanda cha Nzoia tangu kianze kusaga miwa 1978. Sukari kwetu si ugonjwa, ni jirani.

"Mulamwa, hiyo ndiyo hatua ya kwanza," mwalimu akaniambia kwa ile sauti ya kuhurumia watoto wa darasa la pili. Eti daktari Elisabeth Kübler-Ross aliandika mwaka 1969 kwamba mtu akiambiwa ana ugonjwa wa kufisha hupitia hatua tano: anakana, anakasirika, anabembeleza, anahuzunika, mwisho anakubali. Nimezitazama hizo nne zilizobaki, sijaona hata moja ya kunivutia. Mimi si mtu wa kuhamahama.

Kinachonikera hasa ni ubaguzi. Raia akikana, ni mgonjwa. Wakubwa wakikana, hiyo ni taarifa kwa wanahabari. Mwaka 2015 Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10, kila moja kwa shilingi 109,320. Watu walipopiga kelele, tukaelezwa bila aibu kwamba hizo si wilbaro za kawaida, ni za chuma kisichoshika kutu na kisicholeta saratani. Kisicholeta saratani! Mimi nimesukuma wilbaro tangu utotoni, nimebeba samadi, mahindi, na hata mjomba aliyezidiwa na busaa, na sikujua kwamba nilikuwa nacheza na kifo. Maafisa waliishia kortini, ndiyo, lakini nitajie mtu aliyemwita mulamwa akawapime akili. Kufika 2022 wilbaro ikawa alama ya chama cha siasa, tukaikatikia viuno uwanjani kana kwamba haijawahi kutuuma mfukoni.

Na Tanzania je? Mwaka 2020 waliacha kutangaza hesabu za korona zilipofika wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mzima idadi ikakaa hapo hapo, 509, haipandi wala haishuki. Nilimpa mulamwa mfano huo nikamwambia nami nimeacha kupima, na tangu niache, sukari yangu haijapanda hata nukta moja. Akashika kichwa. Msomi akiishiwa na hoja hushika kichwa.

Afadhali angeanza na matanga yetu, maana huko ndiko kuna kazi ya kweli. Nenda msiba wowote kuanzia Chwele hadi Webuye, utasikia marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Marehemu mwenyewe alikuwa akipanda matatu za Eldoret kwenda kliniki miaka na miaka, makondakta wakamjua kwa jina, wakamwekea kiti cha dirishani. Halafu nyuma ya hema wazee wananong'onezana kuhusu jirani aliyemtupia jicho. Dawa alizokuwa hamezi hazitajwi kabisa.

Sasa vita vimehamia kwangu. Jumamosi nilitoka sokoni na kilo mbili za sukari, nikaziona kwa macho yangu zikiingia kabatini. Jumapili nikaletewa chai nyeupe ya kupendeza, nikapiga funda moja. Kavu. Mama watoto amekaa mbele yangu, ufunguo wa kabati umefungwa kwenye pindo la leso.

"Mama, umesahau sukari."

"Baba Wafula, hatuna sukari nyumba hii."

"Na ile niliyoleta jana?"

Akanitazama usoni bila kupepesa, mpole kama mke wa pasta.

"Sukari gani?"