Waya Uliomng'ang'ania Mteja

Katika kibanda kimoja cha simu Mombasa, mteja alikabidhiwa simu yake ikiwa imepona, akainuka aondoke, na waya wa fundi ukainuka naye. Ulikuwa umegandia mkono wa kanzu nyeupe. Mmoja akavuta huku, mwingine kule, na kanzu ikabaki na michirizi myeusi.

Ni ule waya wa kujisokota unaotoka kwenye bangili ya fundi hadi kwenye ethi, ili umeme tuli wa mwilini upite chini usirukie saketi. Binadamu huanza kuhisi cheche yake kwenye takriban volti 3,000, na kuna vijenzi vinavyokufa kwa chini ya volti 100. Fundi anaweza kuua simu ya watu bila hata kushtuka.

Kila jirani alikuwa na dawa. Muuza vitambaa alisema ni uchafu, uoshwe kwa sabuni. Muuza chaja akashauri spiriti. Mama wa chai akaleta poda ya mtoto; kibanda kikanukia kama wodi ya wazazi, kisha waya ukanata upya, safari hii na madonge ya poda.

Haukuwa uchafu. Nyaya nyingi za aina hii huvikwa poliurethani, na baadhi ya poliurethani haziwezani na unyevu: maji ya hewani hukatakata molekuli zake ndefu, ganda likalainika, likanata, likamomonyoka. PVC, plastiki nyingine ya kuvika nyaya, nayo ina maradhi yake. Kwa asili ni ngumu. Hulainishwa kwa vimiminika, ujuzi alioupata Waldo Semon huko Marekani mwaka 1926. Vilainishi hivyo hutoroka polepole. Laza waya wa PVC kwa muda mrefu juu ya boksi la polistaireni, lile la kubebea samaki, vitahamia humo na kulichimba mfereji, huku ganda la waya likikauka na kupasuka.

Kichekesho cha pwani ni kwamba unyevu huohuo hupunguza umeme tuli. Bangili haihitajiki sana, na ndipo waya wake unapooza upesi!

Hapa kicheko kinapungua. Rezista ya ohm milioni 1, inayomkinga fundi akigusa umeme wa nyumba, kwa kawaida hukaa upande wa mkono. Waya unaobaki umeungwa moja kwa moja na ethi. Ganda likibanduka, waya mtupu ukaangukia bodi yenye moto, rezista haina la kufanya.

Basi fundi, waya ukianza kunata usiuogeshe. Ukate vipande jirani asije akauokota, nunua mwingine, na uupime kwa mita kila asubuhi kabla hujafungua simu ya mtu.