Kanga Iliyonisemea

Masikio bado yanawaka. Jana, kwenye chai ya saa nne, yule dada wa masjala alikunjua zawadi yangu mbele ya ofisi nzima, akasoma kwa sauti: UMEZIDI UMBEA, HAYA HUNA. Mhasibu akapaliwa na chapati. Mimi nilikuwa nimeshajibanza nyuma ya kabati la mafaili, ambako ndiko uchumba wangu wote umefanyikia.

Kanga niliichagua makusudi. Mtu ambaye ulimi unamganda akitazamwa usoni angepata wapi mjumbe bora? Hebu itazame: pindo linazunguka pande zote nne, katikati mji, na chini ya mji, ndani ya kisanduku chake, jina, yaani maneno yenyewe. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, ukavikate na kuvipinda mwenyewe. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kabla ya hizi za Kilatini, na kwa vizazi wanawake wa pwani wamebembelezana, wamesutana na kurushiana vijembe bila kufungua kinywa. Mke mwenza anapita tu uani, kajifunga yake, ujumbe umefika. Akiulizwa, anaapa hakusema neno. Chombo hicho, nasema, kilibuniwa kwa ajili yangu!

Ila Kariakoo doti hukunjwa ndani ya nailoni, mji juu, jina tumboni. Niliomba ya mapenzi. Muuzaji akanitazama, mimi nikatazama viatu. “Chukua hii, kaka, ataipenda.” Nimwambie aikunjue mbele ya akina mama wote wale? Thubutu!

(Kabla ya hapo nilikuwa nimemwamkia dada huyohuyo wa masjala shikamoo. Ananizidi urefu tu.)

Lakini tuambiane ukweli. Msichana mwenye haya husifiwa katulia, kalelewa. Mwanamume mwenye haya, kila harusi shangazi zake humuuliza ana kasoro gani, tena mbele za watu. Michango ya kamati natoa, kadi napewa ya mtu mmoja, nakalishwa na watoto.

Saa kumi alinifuata kulekule kabatini, kanga kaifunga kiunoni. “Haya, nimemsengenya nani?”

“Nilitaka iliyoandikwa nakupenda,” nikasema, nikiliambia faili.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Jumamosi tunakwenda wote Kariakoo. Jina atasoma yeye.

Nanyi mnaotunga majina ya kanga, wapunguzeni majirani na wake wenza. Wenye haya nasi tuna hela.