Mlinzi Aliyekula Nyumba

Mtu akikwambia ana kompyuta ya Amiga 2000 iliyokaa stoo tangu kampuni iliyoiunda, Commodore, ilipofilisika mwaka 1994, usimpe hongera. Mpe pole, kisha mwambie afungue boksi.

Humo, juu ya bodi kuu, imelehemewa betri ya nikeli-kadimi ya volti 3.6. Kazi yake ni moja: kukumbuka saa mashine ikiwa imezimwa. Saa tu, jamani! Kompyuta yenyewe huwaka bila hata kuuliza betri iko wapi. Lakini mlinzi huyu wa saa akizeeka hutapika, na matapishi yake ya alikali hutambaa taratibu, yakila njia za shaba mpaka chini ya soketi ya prosesa. Lehemu nayo hugeuka kijivu na kukataa kuyeyuka. Mhandisi aliyeifunga pale bila kibebeo bila shaka alikuwa mcha Mungu. Aliamini uzima wa milele.

Fundi atainyofoa betri hiyo, atasugua bodi kwa siki (ndiyo, hii hii ya kachumbari, kwani asidi yake huzima alikali), halafu ataisuuza kwa spiriti. Kisha wajuaji huweka betri ya kidonge, CR2032, wakasahau dayodi ya kuzuia chaji. Bodi, kwa ukarimu wake wa zamani, huanza kuichaji betri hiyo ya lithiamu isiyotaka kuchajiwa.

Wenye akili huiacha nafasi ile wazi. Wakitaka kujua saa, hutazama ukutani.