Jinsi ya Kuzuru Bustani za Nairobi kwa Miguu na Ukarudi Nyumbani Salama

Kwanza kabisa, tafuta gari.

Najua mwongozo huu ni wa kutembea kwa miguu, lakini nenda Karura Jumapili asubuhi ujionee. Magari yamepangana langoni, kila moja limebeba watu wawili waliovaa viatu vya mazoezi na mbwa anayekula vizuri kuliko mimi na wewe. Wamepanda gari kuja kutembea. Huo ndio utaratibu wa mji huu: anayefika kwa gari ndipo atembee anaitwa mpenda mazingira, na anayefika kwa miguu anaulizwa na askari ametumwa na nani. Wale maelfu wanaotoka Kibera na Mukuru kila alfajiri kwenda Eneo la Viwandani hawahitaji mwongozo huu. Wao wanatembea kwa sababu nauli imepanda, na kwa hivyo hakuna aliyewahi kuwachorea ramani.

Kwa nyinyi mliobaki, mnaotaka kuziunganisha bustani zote kwa nyayo zenu siku moja, tuendelee.

Ramani itakutamanisha. Uhuru Park, Central Park, Arboretum, bustani ya Michuki, City Park, Karura: kwenye simu ni madoa ya kijani yaliyokaribiana mno hata unadhani mtu mzima mwenye magoti mazuri anaweza kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana. Wanaousifu mji husema yameungana, na ni kweli yameungana. Yameunganishwa na barabara kuu.

Anza Uhuru Park, kwa heshima. Ilifunguliwa mwaka wa 1969, na mwaka wa 2021 ikafungwa kwa ukarabati, kwa hivyo usishangae ukikuta ua mpya, lango jipya na askari mpya anayekuuliza unaenda wapi. Jibu sahihi kwa swali hilo, ukiwa mbele ya bustani ya umma, ni "ndani". Jibu lingine lolote huzaa maswali mengine. Ukishaingia, tafuta upande unaoitwa Freedom Corner. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kusimamisha humu bustanini jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai akaandika barua, na kila barua ilipopuuzwa akaandika nyingine. Waheshimiwa bungeni wakamcheka na kumkejeli, lakini wafadhili wakaanza kusitasita, na jumba halikujengwa. Kwa hivyo kabla hujalalamika kwamba hakuna benchi la kukalia kivulini, kumbuka kwamba hapo ulipoketi pangekuwa na lifti.

Sasa vuka Kenyatta Avenue uende Central Park. Hili ni somo lenyewe. Usisubiri taa ya kijani ya watembeao, maana hata ikiwaka, dereva wa matatu huichukulia kama maoni tu. Simama ukingoni pamoja na wenzako, kwa kuwa mtu mmoja hugongwa lakini kundi hupigiwa honi. Tafuta mama mwenye umri, ikiwezekana mwenye mtoto mgongoni na kiroba mkononi. Yeye akiinua kiganja na kuingia barabarani bila hata kugeuza shingo, mfuate papo hapo upande ule ambao gari haliji. Ukifika ng'ambo mwambie, "Asante, mama." Hatakujibu, ana haraka.

Central Park usikae sana. Itazame sanamu ya Nyayo, iliyowekwa kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Moi, piga picha, endelea.

Kutoka hapo panda State House Road kwenda Arboretum. Jina la barabara likukumbushe kutia simu mfukoni. Ukiona ukuta mrefu, miti iliyokatwa vizuri na vijana wenye bunduki wasiocheka, huo si uzuri wa kupigwa picha. Tembea kama mtu anayejua anakokwenda, hata kama umepotea.

Arboretum ilianzishwa mwaka wa 1907, na ukitaka kuielewa Nairobi anza hapa. Hawakupanda miti hii ili wewe upumzike. Reli ilikuwa imefika miaka minane tu kabla, garimoshi lilikuwa linakula kuni, na watu wa misitu wakaleta mbegu kutoka pande zote za dunia kujaribu ni mti gani unakua upesi ukachomwa upesi. Leo kuna aina zaidi ya 300, zilizokuja kuwa kuni zikaishia kuwa kivuli. Jumamosi utakuta chini yake vikundi vya maombi vinavyokemea mapepo kwa sauti, wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma vitabu wasivyovifungua, na mabibi harusi wakipigwa picha wamebinuka kwenye mizizi. Ada ya kuingia ni ndogo na hulipwa kwa simu, basi chaji simu kabla. Mtu asiye na chaji Nairobi hana pesa, hana ramani, na kwa saa hizo chache hana hata jamaa.

Kutoka Arboretum shuka kuelekea Chiromo, hadi Museum Hill. Hapo inua macho. Juu yako inapita barabara ya kulipia, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Mtembea kwa miguu haruhusiwi kule juu, wala bodaboda. Yeye amepewa huku chini, kwenye kivuli cha nguzo, pamoja na mtaro na muuza soksi. Ukiwa na dakika za ziada, piga kona kuelekea Westlands ukausalimie mti wa mugumo wa Waiyaki Way. Mwaka wa 2020 ulipangiwa kung'olewa kuipisha barabara hiyohiyo, watu wakapiga kelele, na mwishowe ukanusurika kwa amri ya rais. Kumbuka hilo siku utakapouliza kwa nini mtaa wenu hauna miti. Mti Nairobi hauishi kwa mvua peke yake, unahitaji na tangazo la serikali.

Bustani ya Michuki iko hapo chini, kando ya mto. Palikuwa jaa na gereji, mpaka John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alipoamua mwaka wa 2008 kupasafisha. Ni yuleyule aliyewafunga mikanda abiria wa matatu mwaka wa 2004 na kuwavalisha makondakta sare. Matatu zimeshasahau. Miti yake bado imesimama, ushahidi kwamba mti ni mtiifu kuliko dereva. Tembea kando ya maji, lakini usiyaulize yametoka wapi, na upepo ukivuma kutoka mtoni vuta pumzi kwa mdomo.

Kipande kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ya ucheshi wake. Unafuata barabara ambayo kwa miaka mingi iliitwa Forest Road, Barabara ya Msitu, na ambayo haina msitu. Mwaka wa 2016 ikabadilishwa jina na kuitwa Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Ni heshima kubwa, na moshi mwingi. Bodaboda watakupita kushoto juu ya njia ya miguu, watakupita kulia kwenye lami, na ukisimama kuwaachia nafasi watakuuliza, "Tuende, mkubwa?" Usikasirike. Karibu na Ngara mtafute muuza mayai. Hili nalisema bila kejeli. Analigonga yai kwenye ukingo wa ndoo, analimenya kwa mizunguko mitatu ya kidole gumba, analipasua katikati kwa kisu kidogo kilicholika kwa kunolewa, kisha anashindilia kachumbari mpaka nyanya zinamwagika. Pilipili anatia kabla hujasema. Kula hapohapo ukiwa umesimama, maana unakokwenda chakula hakiliwi kwa amani.

Unakwenda City Park, nyumbani kwa kima. Mwongozo wa kawaida ungekuambia usiwalishe kima. Mimi nakuambia hawakungoji uwalishe. Kima wa City Park anaijua karatasi ya biskuti kwa sauti. Atashuka polepole, atakutazama kwa huruma kama karani anayekuambia faili yako haionekani, kisha atakupandia begani na kuchukua alichokijia. Usimkimbize. Amezaliwa hapa, wewe umekuja kutembea tu.

Ukishaporwa, nenda makaburini. Humu amelala Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965 akiwa garini nyumbani kwake. Na hatua chache tu nje ya makaburi hayo amelala Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyefariki mwaka wa 1990. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake. Wanyakuzi wa ardhi waliwahi kuimega bustani hii wakakaribia hata kaburi la makamu wa rais, jambo linaloonyesha kwamba mnyakuzi wa Nairobi hana ubaguzi wa cheo. Leo pamezungukwa na sanamu za mawe na ni mahali patulivu kuliko sehemu nyingi za mji. Watu wengi hupita Limuru Road maisha yao yote bila kujua.

Toka City Park. Sasa imebaki Karura, kilomita chache tu mbele kwa Limuru Road, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakapanda matatu za Ruaka au Banana. Siwalaumu. Upande mmoja una kuta za Muthaiga zenye maua ya bogonvilia na waya za umeme juu yake, upande mwingine magari yanayoharakisha kana kwamba Umoja wa Mataifa unakaribia kuhama Gigiri. Katikati kuna wewe na njia iliyochongwa na visigino vya wafanyakazi wa nyumbani na watunza bustani, nyembamba, yenye vumbi kiangazi na utelezi masika. Hakuna mhandisi aliyeichora. Wakati mwingine inakatwa na mtaro, wakati mwingine na bango linalotangaza nyumba za kifahari zilizo karibu na mazingira ya asili. Lipite bango kwa upande wa ndani. Mbwa nyuma ya malango watakubwekea mmoja baada ya mwingine, wakipokezana, hadi ufike. Wenye magari hawabwekewi.

Na Karura ni nzuri, hilo nikubali. Hekta zaidi ya 1,000 katikati ya mji, maporomoko ya maji, mapango walimojificha Mau Mau, mbega weusi kwa weupe walioletwa kutoka Kipipiri wakarukaruka kana kwamba hawakuwahi kuondoka, na nguzo zenye nambari kwenye njia panda ili usipotee. Usibebe maji kwenye chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Chupa hizo zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Limuru Road inaukata msitu vipande viwili, Karura huku na Sigiria kule, kwa hivyo hata msitu wenyewe, ukitaka kujitembelea, lazima uvuke barabara.

Ukifika langoni, kabla ya kulipa, simama kidogo. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda miti kwenye msitu ambao tayari ulikuwa umegawiwa matajiri. Wakapigwa. Yeye akapasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi, na taarifa yake akaitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Kisha lipa ada yako, funga kamba za viatu, ulalamike kuhusu matope.

Nimeiacha kwa makusudi Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117 na umri tangu 1946. Pale kutembea kwa miguu kumeruhusiwa simba, na kwa binadamu sehemu chache tu zilizotengwa. Garimoshi la kisasa linapita juu kwa daraja la kilomita sita. Twiga na mwenda kwa miguu wa Museum Hill wana mengi ya kuzungumza.

Safari yote hii humaliza siku, na ukirudi nyumbani utakuwa umegundua kwamba sehemu ulizolipia zilikuwa na njia safi, vibao na askari, na sehemu ulizopita bure zilikuwa na bahati yako. Hatuna uhaba wa kijani. Tuna uhaba wa mita moja na nusu za saruji kando ya lami, na hizo huwa hazifunguliwi na mtu mkubwa kwa kukata utepe, ndiyo maana hazijengwi.

Basi ukishapumzika na kuosha miguu, mtafute diwani wako. Usimwombe msitu wala sanamu. Mwombe njia ya miguu kutoka City Park hadi lango la Karura, pana kiasi cha watu wawili kupishana, yenye taa, na yenye vizuizi vya kuwazuia bodaboda. Akikuuliza wewe ni mwakilishi wa shirika gani, mwambie ni la wale wanaotoka Kibera saa kumi na moja alfajiri.