Jinsi ya Kuharibu Jengo Mkiwa Mbalimbali

Zamani mwanafunzi wa usanifu majengo na mwenzake wa uhandisi wakitaka kugombana iliwabidi wapande daladala wakutane. Siku hizi mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mbeya, na mradi wao wa maktaba unakufa taratibu ndani ya simu. Mnaotaka kuufikisha huko, fuateni hatua hizi.

1. Fungueni grupu, msipange kazi. Picha ya grupu iwe ile Opera ya Sydney. Akitokea mtu akauliza nani mwenye neno la mwisho kuhusu nguzo, mjibuni kwa kidole gumba. Ila habari za jengo lenyewe msizichimbe sana. Msanifu wake, Jørn Utzon, alishinda shindano la kulichora mwaka 1957 akiwa Denmark, wahandisi wa Ove Arup wako London, kiwanja kiko Australia. Paa liliwatoa jasho hadi mwaka 1961, walipokubaliana magamba yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja, ili yachoreke na yajengeke. Mwaka 1966 Utzon alijiuzulu. Nyinyi chukueni hilo la kujiuzulu tu.

2. Kila mtu abaki na kipimo chake. Msanifu achore kwa milimita, injinia aifungue faili kwa mita: ukumbi wa mita 12 utamtokea una kilomita 12. Fundi mtakayemwomba ushauri atawatajia tofali la inchi sita na chumba cha futi kumi kwa kumi. Msimwulize zaidi. Mkidhani mambo haya ni ya wanafunzi, tazameni daraja la Laufenburg, kati ya Ujerumani na Uswisi. Nchi moja hupima kimo kuanzia Bahari ya Kaskazini, nyingine kuanzia Mediterania, na tofauti ya sentimita 27 ilijulikana mapema. Wakairekebisha, ila wakajumlisha palipotakiwa kutoa. Mwaka 2003 ikaonekana pande mbili zimepishana kwa sentimita 54. Ikiwa waliojua walifika hapo, nyinyi msioulizana mtafika mbali zaidi.

3. Badilisheni mchoro kimyakimya. Saa nane za usiku msanifu asogeze ukuta sentimita 40 ili jua la asubuhi lisiwapige wasomaji usoni. Wazo zuri, asimwambie mtu. Injinia aendelee kukokotoa boriti ya ukuta wa jana. Kisha atafute pa kusimamisha nguzo ya milimita 300 kwa 300, aone sehemu moja nyeupe, safi, haina hata mstari. Aiweke hapo hapo. Ni mlangoni. Programu nazo zitofautiane matoleo: waliotengeneza ndege ya A380 walitumia toleo moja la CATIA Hamburg na jingine Toulouse, nyaya zikaletwa zikakutwa fupi, na ndege zikachelewa.

4. Wasilianeni sana, msielewane. Injinia atume voisi ndefu akiwa kwenye bajaji, na uzito wa slabu autaje dereva anapopiga honi. Msanifu ajibu kwa picha ya mchoro aliyoipiga kwenye kioo cha kompyuta, kivuli cha mkono wake kikiwa kimefunika ngazi. Injinia aseme, "Sawa mkuu." Akibanwa zaidi, bando limekata. Udhuru huo hauna mkaguzi.

5. Siku ya kuwasilisha, semeni kweli. Mhadhiri atanyoosha kalamu: "Hii nguzo inafanya nini mlangoni?" Msanifu ajibu kuwa nguzo ni ya injinia. Injinia ajibu kuwa mlango ni wa msanifu. Hakuna aliyedanganya, na msomaji wa maktaba yenu ataingia kwa ubavu.

Tahadhari. Mpango wote huu una adui mmoja: yule mwenzenu anayepiga simu. Haandiki, hatumi kidole gumba, anapiga tu na kuuliza, "Injinia, nguzo ikikaa hapa, mlango utafunguka?" Dakika tano, nguzo imehamia ukutani, boriti imeufuata ukuta mpya, na wote wawili wanacheka. Mtu wa namna hiyo mwondoeni kwenye grupu mapema, kabla hajawaponza mkapata A.